Mahali na Tarehe ya Kuzaliwa katika Vitabu vya Marejeleo vya Wanamuziki: Freddie Mercury wa Zanzibar na Mfano wa Uwanja wa Ndege wa Juba

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna vitabu vya marejeleo kuhusu maisha na kazi za mwanamuziki wa roki Freddie Mercury vinavyoandika mahali alipozaliwa na miaka yake ya mwanzo. Hoja kuu ni kwamba vitabu hivyo vimejaa maelezo ya kina kuhusu nyimbo, santuri na maonyesho, ilhali Zanzibar hupewa sentensi chache, na mara nyingine sentensi hizo hubeba majina ya dola yasiyolingana na wakati. Kwa kutumia mfano wa kumbukumbu za Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba, makala yanapendekeza utaratibu wa kuandika mahali katika vidahizo vya wasifu kwa Kiswahili, na yanatoa kielelezo cha kidahizo kimoja kamili.

Misimbo miwili ya Juba

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba hutambulishwa kwa misimbo miwili. Wa kwanza, JUB, ndio ambao abiria huuona kwenye tiketi yake na kwenye kibandiko cha mzigo. Hutolewa na IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege. Wa pili una herufi nne, nao hutolewa na ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, kwa matumizi ya marubani na waongoza ndege. Katika msimbo huu wa pili, herufi mbili za mwanzo hutaja nchi: HK ni Kenya, HT ni Tanzania, HU ni Uganda. Juba ilipokuwa mji wa Sudan, uwanja wake uliandikwa HSSJ, kwa kuwa HS ni Sudan. Sudan Kusini ilipokuwa dola huru tarehe 9 Julai 2011, ilihitaji herufi zake yenyewe, ikapewa HJ, na uwanja uleule sasa huandikwa HJJJ. Msimbo wa JUB haukuguswa.

Ardhi haikusogea. Ni njia ileile ya kurukia ndege ambayo, katika vita vya 1983 hadi 2005, ilikuwa tegemeo la mji uliokuwa ngome ya jeshi la serikali ya Khartoum, na ambayo baadaye ilipokea wageni waliokuja kushuhudia kuzaliwa kwa dola mpya. Kilichobadilika ni mamlaka, na kumbukumbu za usafiri wa anga zimeyaonyesha mabadiliko hayo bila kuufuta mji wala kuirudisha dola mpya nyuma katika miaka ambayo haikuwapo. Mtu anayesoma kumbukumbu za safari za mwaka 1990 atakuta HSSJ, naye hatakuwa na sababu ya kuisahihisha.

Zanzibar nayo ina misimbo ya namna hiyo. Abiria hufika ZNZ. Rubani hutua HTZA, na herufi zake mbili za mwanzo zinamjulisha kwamba yumo Tanzania. Mahali pana jina lake, na dola ina lake. Watunzi wengi wa vitabu vya marejeleo kuhusu wanamuziki hawajazingatia tofauti hiyo ndogo, na hakuna mwanamuziki ambaye imemgusa kuliko Freddie Mercury.

Rafu iliyojaa upande mmoja

Vitabu kuhusu Mercury na bendi yake ya Queen ni vingi, navyo si vya aina moja. Miezi michache baada ya kifo chake, mwaka 1992, kilitoka kitabu cha historia ya bendi cha Jacky Gunn na Jim Jenkins, kilichoandikwa kwa ridhaa ya bendi yenyewe. Zikafuata kumbukumbu za watu walioishi naye: Jim Hutton, aliyekuwa mwenzi wake hadi mwisho, mwaka 1994; kisha Peter Freestone, msaidizi wake wa miaka mingi. Lesley-Ann Jones aliandika wasifu mrefu uliotoka mwaka 1997 na kuhaririwa upya baadaye. Mwaka 2006 Greg Brooks na Simon Lupton walikusanya maneno ya Mercury mwenyewe kutoka katika mahojiano, wakayapanga yasomeke kama tawasifu ambayo hakuiandika. Mwaka 2007 Georg Purvis alitoa kitabu ambacho, kwa maana kamili ya neno, ni cha marejeleo: wimbo kwa wimbo, albamu kwa albamu, ziara kwa ziara, ili msomaji akifungue palepale anapohitaji.

Kazi ya Purvis inastahili sifa. Mtafiti anayetaka kujua wimbo fulani ulirekodiwa lini, ulitolewa upande gani wa santuri, au uliimbwa katika ziara ipi, atapata jibu kwa dakika moja. Hicho ndicho kipimo cha kitabu cha marejeleo: hakisomwi kuanzia mwanzo hadi mwisho, huulizwa, nacho hujibu. Kwa kipimo hichohicho ni haki kuuliza swali la pili: kikiulizwa kuhusu Zanzibar, kinajibu nini?

Jibu ni fupi katika karibu vitabu vyote. Mtoto Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta. Baba alikuwa mtunza fedha serikalini. Mtoto alipelekwa shule ya bweni ya St. Peter's, Panchgani, India; akarudi Unguja mwaka 1963; familia ikahamia Uingereza mwaka 1964. Baada ya hapo simulizi hutua Feltham, magharibi ya London, na kuanza kushika kasi. Onyesho la Queen katika tamasha la Live Aid, Wembley, tarehe 13 Julai 1985, lililodumu dakika ishirini hivi, limeelezwa katika vitabu hivi hatua kwa hatua, hadi mikono ya hadhira ilivyoinuliwa. Miezi ya mwisho ya familia ya Bulsara Zanzibar, iliyojumuisha uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963 na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, kwa kawaida haipati hata aya moja.

Upungufu huu una sababu zinazoeleweka. Mercury mwenyewe hakupenda kuzungumzia utoto wake mbele ya waandishi wa habari, na msomaji anayenunua kitabu cha namna hiyo hununua kwa ajili ya nyimbo. Sababu kubwa zaidi ni lugha ya vyanzo. Waandishi waliotajwa walitegemea mahojiano ya Kiingereza na magazeti ya Kiingereza. Unguja ya utoto wa Farrokh, hata hivyo, iliandikwa pia kwa Kigujarati, Kiswahili na Kiarabu. Gazeti la Samachar, lililoanzishwa mwaka 1902, lilichapishwa kwa Kigujarati na Kiingereza kwa ajili ya jamii zenye asili ya India. Mwongozi lilikuwa sauti ya siasa ya miaka ya kabla ya uhuru. Serikali ya himaya nayo ilikuwa na gazeti lake rasmi, na ilitunza orodha za watumishi wake. Anayetaka kujua kazi hasa ya Bomi Bulsara, ambaye kitabu kimoja humwita mtunza fedha wa Mahakama Kuu na kingine humwita mtumishi wa ofisi ya kikoloni tu, ana pa kuanzia: Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani.

Makosa matatu ya kawaida

La kwanza ni lile linaloonekana dogo: “alizaliwa Zanzibar, Tanzania”. Mwaka 1946 Tanzania haikuwapo. Zanzibar ilikuwa usultani chini ya himaya ya Uingereza, na aliyekuwa kitini ni Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1960. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulifanyika tarehe 26 Aprili 1964, na jina la Tanzania lilianza kutumika rasmi Oktoba mwaka huohuo. Wasifu nyingi zinaiweka safari ya familia ya Bulsara katika miezi ya kwanza ya 1964; maana yake ni kwamba, kwa mujibu wa vitabu hivyohivyo, kijana Farrokh hakuishi hata siku moja katika nchi iliyoitwa Tanzania. Kusema hivyo si kuupinga Muungano. Ni sawa na kusema kwamba ndege iliyotua Juba mwaka 1990 ilitua Sudan.

La pili linahusu asili. Kwa kuwa Zoroasta alitoka Uajemi, wapo wanaomwita Mercury “Mwajemi” au “Mwirani”, na wengine, kwa kuwa alisoma India, humwita “Mhindi” bila maelezo. Waparsi ni jamii ambayo mababu zake waliondoka Uajemi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita wakaishi Gujarati. Jina la Bulsara lenyewe linatokana na mji wa Bulsar, ambao leo huitwa Valsad. Walikuja Unguja kama makarani, wafanyabiashara na wahandisi, wakajenga hekalu lao la moto. Kitabu cha marejeleo kikiandika “Mparsi wa Zanzibar mwenye asili ya Gujarati”, kimesema kila kinachohitajika kwa maneno saba.

La tatu ni la anwani. Nyumba zaidi ya moja Mji Mkongwe zimetajwa kuwa nyumba ya familia, na iliyopata umaarufu zaidi iko Barabara ya Kenyatta, Shangani, ambako jumba la makumbusho la Mercury lilifunguliwa tarehe 24 Novemba 2019, miaka ishirini na minane kamili tangu kifo chake. Waandishi hunakili anwani hiyo kana kwamba ndiyo iliyokuwa ikitumika wakati wa utoto wake. Msomaji wa Afrika Mashariki hatahitaji kuambiwa kwamba, katika miaka ya 1950, Mzee Kenyatta alikuwa kifungoni mwa Waingereza, na serikali yao isingeipa barabara jina lake.

Tarehe nazo hazikubaliani. Safari ya kwenda Panchgani huwekwa mwaka 1954 na baadhi ya waandishi, na mwaka 1955 na wengine. Jina lake la kwanza huandikwa Farrokh, Farookh au Farokh. Kitabu kizuri cha marejeleo hakilazimiki kuyatatua yote haya. Kinalazimika kuyaonyesha, ili anayekuja baadaye ajue pa kuchimba. Mfano wa karibuni unaonyesha faida yake. Mwaka 2023 mali za Mercury ziliponadiwa na Sotheby's jijini London, rasimu zake za utunzi zilionwa na umma, na katika moja wimbo wake mashuhuri zaidi wa mwaka 1975 ulikuwa umeandikwa kwanza kwa jina la “Mongolian Rhapsody”. Kidahizo kilichokuwa kimefungwa kwa uhakika kilibidi kifunguliwe.

Siti na Farrokh

Kiswahili hakianzi patupu katika uwanja huu. Wasifu wa Siti Binti Saad wa Shaaban Robert, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1958, ni maisha ya mwanamuziki wa Zanzibar yaliyoandikwa kwa Kiswahili na mwandishi mkubwa kuliko wote wa zama zake. Siti alikufa Julai 1950, Farrokh akiwa hajatimiza miaka minne, na inawezekana sauti yake ya santuri ilisikika katika barabara zilezile ambazo mtoto huyo alipelekwa matembezi. Wote wawili walivuka bahari kwenda pande za Bombay, Siti mwaka 1928 kurekodi nyimbo, Farrokh kusoma shule ya bweni iliyo milimani, kusini-mashariki ya mji huo.

Hata hivyo, kazi ya Shaaban Robert si kitabu cha marejeleo, wala hakuikusudia iwe hivyo. Humweka Siti mbele ya msomaji kama kielelezo cha tabia na juhudi. Anayetafuta orodha kamili ya santuri zake, kwa tarehe na namba, hataipata humo. Pengo lililopo, kwa hiyo, ni la pande mbili. Mercury ana orodha zisizo na Unguja. Siti ana Unguja isiyo na orodha.

Utunzi wa kidahizo cha Mercury kwa Kiswahili utakutana pia na kishawishi ambacho waandishi wa Kiingereza hawakukutana nacho. Wimbo wake wa mwaka 1975 una neno ambalo kila Mwislamu hulitamka kabla ya kula, na wimbo unaofungua albamu ya Jazz ya mwaka 1978 una jina la Kiislamu na maneno yenye sauti ya Kiarabu. Ni rahisi kusema: huyu ni mtoto wa Mji Mkongwe aliyesikia adhana kila alfajiri. Yawezekana sana. Lakini uwezekano si ushahidi, na mahali pake ni katika sehemu ya maoni ya wahakiki, mbali na mstari wa tarehe na mahali. Kidahizo kikishaanza kudai, msomaji hawezi tena kukiuliza.

Kuhusu mambo ambayo jamii inagombania, kanuni ni hiyohiyo. Mwaka 2006 sherehe iliyopangwa Unguja kuadhimisha miaka sitini tangu kuzaliwa kwake ilipingwa na jumuiya ya Uamsho kwa sababu ya mwenendo wa maisha yake, ikafutwa. Tukio hilo ni sehemu ya historia ya jina lake katika kisiwa alichozaliwa na linastahili kuandikwa, kama ilivyo kwa ugonjwa wake, ambao aliutangaza tarehe 23 Novemba 1991, siku moja kabla ya kufa. Kuficha kwa tafsida humfanya msomaji aende kutafuta kwingine, na huko hatapata Kiswahili.

Kielelezo

Kidahizo kifuatacho kimeandaliwa kwa kufuata utaratibu wa Juba: mahali hutajwa kwanza, kisha dola ya wakati ule, kisha dola ya sasa kwa mwaka wake.

MERCURY, Freddie. Jina la kuzaliwa Farrokh Bulsara. Pia huandikwa Farookh, Farokh. Mwimbaji, mpiga piano na mtunzi wa muziki wa roki. Kuzaliwa: 5 Septemba 1946, Unguja, Zanzibar, usultani chini ya himaya ya Uingereza, tangu 1964 sehemu ya Tanzania. Wazazi: Bomi na Jer Bulsara, Waparsi wenye asili ya Gujarati. Elimu: Zanzibar, Panchgani, India, kuanzia 1954 au 1955 hadi 1963, Chuo cha Sanaa cha Ealing, London, hadi 1969. Kuhama: Uingereza, 1964, baada ya Mapinduzi. Bendi: Queen, kuanzia 1970, pamoja na Brian May na Roger Taylor, na John Deacon kuanzia 1971. Kazi za bendi ni pamoja na A Night at the Opera, 1975, Jazz, 1978, Innuendo, 1991. Kazi binafsi: Mr. Bad Guy, 1985. Barcelona, pamoja na Montserrat Caballé, 1988. Kifo: 24 Novemba 1991, London, nimonia iliyotokana na UKIMWI. Tazama pia: BULSARA, PANCHGANI, UNGUJA, WAPARSI.

Mstari wa mwisho una uzito kuliko unavyoonekana. Katika vitabu vilivyopo, Zanzibar ni neno ndani ya aya. Hapa imekuwa kidahizo chenye mlango wake, na msomaji aliyeanzia Unguja ataweza kumfikia Mercury kama anavyomfikia Siti au Bi Kidude. Kidahizo cha BULSARA nacho hakina maelezo, kinaelekeza tu kwenye MERCURY, kwa kuwa mwanamuziki ndiye aliyelichagua jina la pili na ndilo alilolitumia kazini.

Wanaofuata

Utaratibu huu utahitajika mapema zaidi kwa wanamuziki wa Sudan Kusini, nchi iliyojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Emmanuel Jal ni mfano. Ni mwanamuziki wa hip hop; albamu yake ya Gua, ya mwaka 2005, inachanganya Kiarabu, Kiingereza, Kinueri, Kidinka na Kiswahili. Maisha yake yanajulikana zaidi kupitia tawasifu yake ya mwaka 2009: utoto wa vita, bunduki mikononi mwa mtoto, kisha safari ya ndege kwenda Kenya iliyofanikishwa na Emma McCune, Mwingereza mfanyakazi wa misaada. Mahali pake pa kuzaliwa hutajwa kuwa Tonj, ambako leo ni Sudan Kusini na wakati ule kulikuwa Sudan. Siku yake ya kuzaliwa haijulikani hata kwake mwenyewe. Tarehe 1 Januari 1980 inayonakiliwa hapa na pale ni ya aina waliyopewa watoto wengi wa vita hivyo pale karatasi zilipodai siku na mwezi.

Kwa Mercury tatizo ni tarehe iliyo sahihi kando ya dola isiyo sahihi. Kwa Jal tarehe yenyewe ni ya ofisini. Kidahizo chake kitalazimika kuandika “karibu 1980”, kueleza kwa nini, na kuacha nafasi wazi mbele ya siku na mwezi. Kisha kiandike Tonj, Sudan, na mwaka 2011 kando yake.